Mashine Iliyokuja Peke Yake



Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike makala ya historia. Nadhani alitegemea habari za watawala wa Karagwe, au za Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Hayo yamekwisha kuandikwa na watu wenye ujuzi kunizidi. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ya kila siku ni orodha: orodha za watu, za vijiji, za zahanati, za fedha zilizoingia na zilizotoka. Basi nimechagua historia ya orodha zenyewe, jinsi zilivyoondoka katika leja na kuingia katika kompyuta, na jinsi watu wa kazi hiyo walivyojifunza, au walivyokosa kujifunza, kutoka kwa wenzao.

Mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini Tanzania. Iliitwa ICT 1500. Herufi hizo hazikuwa na maana wanayoijua vijana wa leo. Zilikuwa jina la kampuni ya Uingereza, International Computers and Tabulators, iliyozaliwa mwaka 1959 kwa kuunganishwa kampuni mbili. Mojawapo ya kampuni hizo ilikuwa imeanza kazi mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuuza Uingereza mashine za Mmarekani Herman Hollerith, yule aliyebuni mashine za kusoma kadi zenye matundu kwa ajili ya sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Kwa hiyo mashine ya Dar es Salaam ilikuwa mjukuu wa sensa. Kichekesho ni kwamba hata huo Uingereza wake ulikuwa wa kubandikwa: ilitengenezwa na kampuni ya Kimarekani ya RCA, kwao ikiitwa RCA 301, na Waingereza wakaiuza kwa jina lao.

Matumaini yalikuwa makubwa, na haki yake. Taifa changa lilikuwa na wahasibu wachache na vocha nyingi. Mashine ingejumlisha kwa saa chache kile ambacho karani angekijumlisha kwa wiki nzima. Hesabu za serikali zikaanza kuhamishiwa humo. Lakini waliojua kuiendesha na kuitungia programu walikuwa wageni karibu wote, waliokuja kwa mikataba na kuondoka mikataba ilipokwisha. Mgeni alipopanda ndege, aliondoka na maelezo ya kwa nini programu iliandikwa vile na si vinginevyo. Mgeni wa pili alikuta kazi asiyoielewa, akaanza upya au akaongeza kiraka. Hesabu zikavurugika, fedha zikapotea, na kazi ikalazimika kurudishwa kwenye taratibu za zamani. Mwaka 1974 Serikali ikatoa amri ya kuzuia kuingiza kompyuta nchini bila idhini. Wakati huo kompyuta katika nchi nzima zilikuwa hazijafika hata kumi.

Wako vijana wanaoicheka amri ile. Mimi siicheki. Serikali isiyoweza kujua imetumia shilingi ngapi haina cha kuchekesha, na mwenye nyumba inayoungua hufunga mlango kwanza. Hata hivyo naona ugonjwa ulitibiwa mahali pasipouma. Mashine haikuwa na kosa. Ilikuja peke yake, bila jamaa zake.

Hapo inabidi nieleze jamaa hao ni akina nani. Mwaka 1955, huko Los Angeles, watu waliokuwa wakisubiri kompyuta ya aina moja, IBM 704, walianzisha chama wakakiita SHARE, yaani kugawana. Wengi walitoka katika viwanda vya ndege vilivyoshindana vikali sokoni. Lakini waligundua kwamba kila kiwanda kilikuwa kinalipa watu watunge programu zile zile ambazo jirani amekwisha kuzitunga. Wakaamua kupelekeana programu na kuambiana mbinu: hapa usipite, hapa mashine hudanganya, hivi ndivyo tulivyopanga kumbukumbu zetu. Tangu hapo ujuzi wa kazi hii umekuwa ukienda kwa namna hiyo, mdomo kwa mdomo na karatasi kwa karatasi, kama mama anavyomfundisha binti yake kupika matoke bila kitabu. Mtunga programu wa Hazina mwaka 1968 hakuwa na jirani wa kumgongea mlango.

Katika miaka hiyo hiyo misingi ya kazi yenyewe ilikuwa inabadilika. Mwaka 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyewahi kuwa rubani wa vita na wakati huo akifanya kazi na IBM huko California, alitoa makala iliyoeleza namna mpya ya kupanga data. Kabla yake, aliyetaka habari ilimbidi ajue imewekwa wapi ndani ya mashine na afuate njia mpaka aifikie. Codd alisema: ziwekeni habari katika majedwali, kila safu iwe na ufunguo wake, kisha mtu aseme anachotaka na mashine itafute njia yenyewe. Wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakatunga lugha ya kuulizia majedwali hayo mwaka 1974, ambayo leo inaitwa SQL. Tazameni miaka hiyo. Mwaka ule ule sisi tulipofunga mlango, lugha inayotumika mpaka leo katika benki, hospitali na ofisi za kodi duniani kote ilikuwa inazaliwa.

Kwa mwanafunzi ambaye hajaliona jedwali la namna hiyo, alifikirie daftari la kuandikishia wanafunzi hapa shuleni. Kila mmoja wetu alipewa namba siku alipofika na sanduku lake. Namba hiyo haipewi mtu mwingine, hata mwenyewe akihama au akifariki. Daftari la ada lina namba hiyo, daftari la maktaba lina namba hiyo, na orodha ya mabweni pia. Anayetaka kujua nani wa bweni fulani hajarudisha kitabu, anaunganisha madaftari mawili kwa namba. Huo ndio ufunguo wa Codd. Namba ya mtihani wa taifa haifai kazi hiyo, kwa sababu mtahiniwa hupewa kwa mtihani mmoja, kwa kituo kimoja na kwa mwaka mmoja. Anayefanya mtihani wa Kidato cha Nne na cha Sita anakuwa na namba mbili na bado ni mtu mmoja.

Zuio la kompyuta lililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 milango ikafunguka. Sitakaa sana hapo. Kompyuta ndogo za mezani ziliingia maofisini kwa wingi, nyingi zikafanywa mashine za kupigia chapa zilizofunikwa vitambaa vya kufumwa.

Jambo la maana lilitokea upande wa afya. Kila aliyewahi kwenda zahanati anavijua vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, vilivyoenezwa nchini katika miaka ya 1990. Muuguzi huandika, huhesabu kwa mistari mwisho wa mwezi, hujaza fomu, na fomu hupanda wilayani. Huko Afrika Kusini, baada ya ubaguzi wa rangi kuangushwa mwaka 1994, watafiti na watumishi wa afya walikuwa wametunga programu ya kukusanya fomu za namna hii kutoka kila wilaya. Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kiliungana nao, na mwaka 2004 kikaanza kutengeneza toleo jipya linaloitwa DHIS2, ambalo kila nchi huruhusiwa kulichukua, kulifungua na kulirekebisha bila malipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliingia katika kazi hiyo mapema, bega kwa bega na Wizara ya Afya. Kenya ilieneza mfumo huo nchi nzima mwaka 2011, na kufikia mwaka 2013 Tanzania Bara ilikuwa imefanya hivyo.

Programu zipo nyingi. Kilichonivutia katika hii ni watu wake. Watunga programu wa Dar es Salaam, Oslo, India, Vietnam na Afrika Kusini huulizana, hujibizana na kukosoana. Anayekwama Dodoma saa nne asubuhi anaweza kujibiwa kabla ya chakula cha mchana na mtu ambaye hajawahi kuiona Tanzania, na kesho yake yeye ndiye anayejibu. Safari hii mashine ilikuja na jamaa zake.

Nami nimesikiliza sana mazungumzo yao, nikakuta mambo wanayoambiana hayana uchawi. Mengi karani mzuri wa masijala angeyatambua. Na mengine yanatuhusu sisi watu wa Kagera kuliko wanavyojua wenyewe.

Wanaambiana kila mara: usifanye jina kuwa ufunguo. Tuchukue mkoa wetu. Katika sensa ya mwaka 1967 na ile ya 1978 uliitwa Ziwa Magharibi. Baada ya vita, mwaka 1979, ukaitwa Kagera, na sensa ya 1988 ikautaja hivyo. Mashine iliyofunzwa kutambua mkoa kwa jina itasema kwamba mkoa mmoja ulikufa na mwingine ukazaliwa. Wilaya ndiyo mbaya zaidi. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 425,476 katika Wilaya ya Karagwe. Sensa ya 2012 ikahesabu 332,020. Anayetazama jina tu ataona watu 93,456 wametoweka, na anaweza kuandika taarifa ya kutisha kabisa juu ya njaa au uhamaji. Ukweli ni kwamba Kyerwa ilikuwa imetengwa kuwa wilaya, nayo ilikuwa na watu 321,026. Tukijumlisha tunapata 653,046. Watu walikuwa wameongezeka kwa zaidi ya laki mbili.

Katika DHIS2 kila zahanati ina alama yake ya herufi na tarakimu 11 ambayo haina maana yoyote, na uzuri wake ni huo huo. Zahanati ikibadilishwa jina, au ikihamishiwa wilaya nyingine, alama inabaki. Lakini hapo pana mtego ambao wenye kazi wameonyana sana: ukiihamisha zahanati kwenda wilaya mpya, historia yake yote inahama nayo. Kwa hiyo taarifa ya Karagwe ya mwaka 2011 ikitolewa leo inaweza isilingane na ile iliyochapwa mwaka 2011 wenyewe, na wote wawili hawajasema uongo. Dawa yake ni kuchapa taarifa ya zamani na kuitunza kabla ya kugawa wilaya. Sijui kama kuna ushauri rahisi kuliko huo, na ni mara ngapi hausikilizwi.

Sasa majina ya watu. Wazee wetu hawakuwa na jina la ukoo la kurithishana kama Wazungu. Kila mtoto alipewa jina lake, na ndugu wa tumbo moja wakawa na majina yasiyofanana hata kidogo. Isitoshe, katika Kinyambo na Kihaya sauti za R na L hazibadili maana ya neno, na kila mwandishi huchagua herufi yake. Rwiza ni Lwiza. Mulokozi ni Murokozi. Mgeni akiandika Lugu badala ya Rugu mimi simlaumu. Nimeona orodha mbili za ofisi moja, nisiyoitaja, zikiunganishwa kwa majina, na wakulima waliokuwa hai na kahawa yao shambani wakahesabiwa mara mbili huku, na huku wakaachwa kabisa.

Wamarekani walilikabili tatizo kama hili zamani. Mwaka 1918 Robert Russell alipewa hataza ya njia ya kupanga majina kwa sauti, iitwayo Soundex, na programu nyingi za data zinayo tayari. Inashika herufi ya kwanza ya jina kama ilivyo, kisha inageuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Lakini ilitungwa kwa masikio ya Kiingereza. Rwiza kwake ni R200 na Lwiza ni L200, watu wawili wasiojuana. Mulokozi ni M422, Murokozi ni M622. Njia iliyoundwa ili kutuunganisha inatutenganisha kwa uhodari mkubwa. Kwa hiyo anayeshughulikia orodha za Kagera na atengeneze safu ya pili, iliyofichwa, ambamo kila L imegeuzwa R, alinganishe kwa hiyo, na jina la mtu aliache kama mwenyewe anavyoliandika. Ushauri huu hautaupata katika kitabu cha California. Unatoka kwetu, na ni zamu yetu kuutoa.

Jambo jingine wanaloambiana ni kwamba nafasi tupu si sifuri. Linasikika kama utani wa walimu wa hesabu. Lakini fikirieni mwezi Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa katika Wilaya ya Bukoba. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6. Ugonjwa wa namna ile hautangazwi kuwa umekwisha mpaka zipite siku 42 bila mgonjwa mpya, nao ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023. Siku 42 hizo ni siku za sifuri, na kila sifuri lazima iandikwe na mtu aliyetafuta mgonjwa akamkosa. Kituo kilicholeta fomu tupu hakijasema hakuna mgonjwa, ila kimekaa kimya, na kimya hicho chaweza kuwa muuguzi hayupo, au mtandao umekatika, au muuguzi mwenyewe ni mgonjwa. Mwezi Januari 2025 Marburg ilitangazwa tena, safari hii Biharamulo, na watu 10 walikufa. Basi wajue watunga programu kwamba DHIS2, isipoamriwa vinginevyo, haitunzi sifuri. Huitupa ili kuokoa nafasi. Kwa idadi ya vyandarua vilivyogawiwa haidhuru. Kwa magonjwa ya milipuko lazima mtu aiambie mashine kwamba sifuri hapa ina maana. Ni alama moja ndogo ya kuwekwa katika ukurasa wa marekebisho, na anayeijua humwambia asiyeijua.

Yako na madogo madogo. Namba ya simu si namba ya hesabu. Ukiiweka kama hesabu, ile 0 ya mbele inaliwa. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na programu ya Excel hushika tarakimu 15 tu kwa uhakika, hivyo zilizobaki hugeuka sifuri, na watu wengi waliozaliwa siku moja huanza kufanana. Iandikwe kama maneno. Saa nayo: mkunga akiandika kwamba mtoto alizaliwa saa 8 mchana, mashine isiyojua Kiswahili inaweza kumrudisha mtoto saa sita nyuma. Na wasidhani makosa haya ni ya nchi maskini. Mwezi Oktoba 2020, Uingereza iligundua kwamba wagonjwa 15,841 wa Uviko-19 hawakuingizwa katika taarifa za kila siku, kwa sababu faili lilikuwa la aina ya zamani ya Excel isiyopokea zaidi ya safu 65,536. Safu zilizozidi ziliachwa nje, na mashine haikulalamika.

Nimetaja masijala, nami nataka kuwatetea watu wake, maana hudharauliwa. Katika jalada la serikali kila karatasi hupewa namba yake ya folio, na folio haiondolewi. Barua ya kutengua barua haifuti ile ya kwanza; huwekwa juu yake, na kesho msomaji ataona tulifikiri nini kabla ya kubadili mawazo. Watunga programu wenye busara hufanya vile vile: hawafuti safu, huiweka alama kwamba imekoma tangu tarehe fulani. Na nakala ya akiba huitunza katika jengo jingine, kisha, na hapa ndipo wengi hushindwa, huijaribu kuifungua. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haina tofauti na ahadi ya mgombea.

Kizuizi kinachonisumbua ni lugha. Mazungumzo haya karibu yote ni ya Kiingereza, na kijana wa Rugu anayeelewa hesabu vizuri hukwama katika sarufi. Maneno tunayo. Database tumeiita kanzidata, na kanzi ni neno la kale la hazina iliyofichwa, zuri kuliko la Waingereza wenyewe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Haikuenea sana, lakini ilithibitisha kwamba kazi hiyo inawezekana. Maneno hayakai bila kutumiwa, na watu wa kuyatumia ni wale wanaoulizana maswali kila siku. Wanafunzi wa klabu ya kompyuta wangeweza kuanza na daftari moja la kawaida mezani, kila aliyekwama aandike alikwama wapi na alitokaje, kwa Kiswahili.

Kamati ya jarida imeniomba niisaidie kupanga orodha ya wote waliosoma hapa, ambayo mpaka sasa iko katika madaftari matatu yasiyokubaliana. Fomu itatolewa siku ya mkutano wetu. Tafadhali andikeni majina matatu, kwa R au kwa L kama mlivyozoea. Mwaka wa kuzaliwa uandikwe kwa tarakimu zote nne. Juu kabisa andikeni namba ya kuandikishwa mliyopewa siku ya kwanza, ile iliyokuwa imepigwa rangi kwenye masanduku yetu. Asiyeikumbuka aache nafasi wazi, asiandike sifuri.